Sura ni yako, picha ni ya nani?

Mwezi uliopita mama mmoja alikuja kutoka Tukuyu, akaweka simu yake juu ya kaunta ya studio yetu ya picha hapa Mwanjelwa, Mbeya. Kwenye kioo lilionekana bango la saluni: binti yake siku ya kipaimara, nywele zimesukwa, shada la maua mkononi. Picha tulipiga sisi. Saluni waliichota kwenye ukurasa wetu, lakini ukurasani tuliiweka sisi, bila kumwuliza. Tuliifuta mbele yake, tukampigia mwenye saluni, na bango likashushwa jioni ile.

“Sura ya mwanangu, hela yangu,” alisema, “picha inakuwaje yenu?”

Mama, swali lako ni la haki.

Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya 1999 inampa mpiga picha haki juu ya picha yake tangu anapobonyeza kamera, hata asiposajili popote. Lakini haki hiyo imetungwa na watu. Uingereza, sheria ya 1710 ilimpa mwandishi wa kitabu kipya miaka 14, na angeongezewa 14 mingine akiwa bado hai. Kwetu, kazi nyingi hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Shamba la migomba la babu kule Rungwe haliwi la kila mtu kwa sababu miaka 50 imepita tangu azikwe. Hakimiliki hufika mwisho, kwa kuwa watu walikaa wakaupanga mwisho huo. Ndiyo maana hata sisi na wewe tunaweza kukaa tukapanga yetu.

Sura ni jambo jingine. Hakuna aliyekupa, na mtoto mdogo asiyetaka kupigwa picha hujificha kwenye khanga ya mama yake kabla hajajua sheria ni nini. Ulinzi wa sura kisheria ndio hutofautiana: Marekani kila jimbo lina utaratibu wake, kwetu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Sisi tunaona kuomba ruhusa ni wajibu hata pasipo sheria.

Kwa hiyo fomu yetu ya oda sasa ina sehemu mbili. Picha ulizolipia safisha, tuma, mpe shangazi, usituulize. Akizitaka mfanyabiashara kwa tangazo, mlete tuzungumze wote watatu. Nasi hatutabandika sura yako popote bila sahihi yako, na ya mtoto bila sahihi ya mzazi. Ukibadili mawazo, tunaitoa. Bei haibadiliki.

Kama tulikupiga zamani na hukuulizwa, njoo na tarehe ya shughuli. Tutaitafuta kwenye diski ukiwa umekaa hapo hapo.