Barua kwa mwanangu: ile fomu ijaze yote

Kizota, Dodoma

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho nimejifungia chumbani baba yako asisikie. Unauliza kama kwenye ile fomu ya Wamarekani ya kibali cha usalama, SF-86, ukifika swali la dawa za kulevya uandike "hapana", maana hakuna anayejua.

Mimi najua. 2019 ulirudi likizo, nikawa nakufulia jinzi. Mfuko wa nyuma nikakuta msokoto wa bangi umeviringishwa kwenye kipande cha gazeti, nusu umeshalowa. Nikautumbukiza chooni, nikamwaga maji, nikarudi kwenye beseni. Sikusema kitu. Labda nilikosea, ila mwaka ule baba yako presha ilikuwa juu na nyumba isingebeba ugomvi mwingine.

Sasa nisikilize kama mtu aliyekaa masijala ya siri miaka ishirini na miwili. Mafaili ya upekuzi yamepita mikononi mwangu. Kijana mmoja, jina lake nimelisahau makusudi, aliandika kuwa hajawahi kugusa bangi. Wapekuzi wakaenda mtaani kwao, wakaongea na mjumbe, wakanywa chai kwa jirani. Siku mbili tu yakatoka yote. Bangi yenyewe ilikuwa ya zamani, mkubwa wangu alisema hiyo angeifumbia macho. Kilichomponza ni ile "hapana" yenye saini yake chini.

Na huko kwenu Marekani naona ni yale yale. Mdogo wako amenisomea mwongozo wao wa 2017 kwenye intaneti mpaka usiku wa manane. Wanaangalia ni lini, mara ngapi, umeacha kweli au la, na kama bado unaandamana na wale wale mliokuwa mnavuta nao. Unaweza hata kutia saini kwamba hutarudia, na ukirudia wakunyang'anye kibali. Anayetumia mpaka leo huyo hapiti, wala asijisumbue. Swali linarudi nyuma miaka saba, kwa hiyo 2019 imo.

Usijidanganye na habari za Virginia. Ni kweli jimbo limeruhusu watu wazima kuvuta bangi tangu 2021, lakini sheria ya serikali kuu inakataza, na fomu yenyewe inasema inayohesabiwa ni hiyo ya serikali kuu. Ukivuta huko hata mara moja, andika. Na ile mirungi mliyotafuna kwenye basi la Nairobi? Kenya ni biashara halali, Marekani kathinoni iliyomo ndani yake iko kundi moja na heroini. Najua utasema, "Mama, yale ni majani tu." Andika.

Kudanganya kwenye fomu hiyo ni kosa la jinai, kifungo chake kinafika miaka mitano. Ila ukijibu kweli swali la kutumia dawa, jibu hilo haliwezi kugeuzwa ushahidi wa kukushtaki. Nilimbishia mdogo wako, akanisomea tena neno kwa neno.

Wanataka mwezi na mwaka, nawe unasema mwezi umekutoka. Mimi sijausahau. Siku ile nilianika nguo mbio mbio niwahi Hombolo kwa shangazi yako, walikuwa wanavuna zabibu, na njia nzima nilikuwa nanusa vidole vyangu nikiogopa vitanisaliti. Ilikuwa Agosti. Kama kuna mara nyingine kabla au baada ya hapo, hizo unazijua wewe.

Wakinipigia simu mimi, nitawaambia hivyo hivyo, na habari ya choo nitawaambia. Baba yako niachie, nitamweleza Jumapili tukitoka kanisani.

Mama yako