Chujio la hewa lisichaguliwe kwa mlio

Mhariri,

Mimi ni fundi magari, na naumia nikiona wenye magari ya tabo, yaani feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini, wakichagua chujio la hewa kwa mlio wake. Mlio si nguvu. Chujio la wazi lililokaa karibu na tabo hunyonya hewa ya moto ya chini ya boneti, na hewa ya moto ina oksijeni haba. Chagueni lenye boksi lililofungwa, linalovuta hewa ya nje. Lile la pamba, linalopakwa mafuta ili linase vumbi, lisilowe mafuta kupita kiasi. Yatashika kwenye sensa ya hewa, kifaa kinachopima hewa inayoingia, na kompyuta ya gari ikosee kipimo cha petroli. Halafu, jamani, kazeni klipu za bomba la mpira linalopeleka hewa kwenye tabo! Nimefungua tabo ambayo mapanga ya feni yake yameliwa na vumbi lililopenya kwenye ufa mwembamba kama uzi.

Msomaji wenu, fundi