Mnara wa ofisi na kampasi jirani viwe na mpango mmoja wa moto

Kwa Mhariri,

Mwenye jengo refu la ofisi katikati ya jiji la Kisumu akipata chuo kikuu kuwa jirani hufurahi, na ana sababu. Wanafunzi hununua chakula orofa ya chini na kuchapisha kazi zao hapo hapo. Chuo kikifurika, hukodi orofa mbili tatu za mnara kuwa kumbi za mihadhara ya jioni. Hapo ndipo hesabu ya usalama huvurugika. Sisi tunaoshughulika na ukaguzi wa vifaa vya moto majengoni tunaiomba kaunti, wenye majengo na wakuu wa kampasi wakubaliane jambo moja: mnara na kampasi inayopakana nao viwe na mpango mmoja wa kuwatoa watu, badala ya mipango miwili ambayo kila mmoja unakomea ukutani.

Tuanze na idadi ya watu. Anayechora jengo la ofisi hukadiria mfanyakazi mmoja kwa kila mita sita hadi kumi za mraba, kwa kuwa kuna meza, kabati na njia za kupitia. Darasani mwanafunzi mmoja humtosha mita moja na nusu. Chukua orofa yenye mita 400 za mraba. Ikiwa ofisi, itakuwa na watu 40 hadi 65. Ikipangwa viti vya mihadhara, itameza zaidi ya 250. Orofa tatu za namna hiyo ni watu zaidi ya 750 mahali ambapo ngazi zilipimwa kwa watu wasiofika 200. Kuta ni zile zile, milango ni ile ile, na ngazi hazikupanuliwa hata kwa sentimita moja.

Ngazi yenye upana wa mita 1.1 hupitisha watu kama 60 au 70 kwa dakika, tena iwe na mwanga, isiwe na moshi, na pasiwe na mtu anayepanda. Mnara wa orofa 12 wenye orofa tisa za ofisi na tatu za madarasa unaweza kuwa na watu 1,200. Ngazi mbili zikiwa wazi, kuwatoa wote kutachukua kama dakika tisa au kumi. Moja ikifungwa, ni dakika 18 hadi 20. Moshi hausubiri muda huo. Mlango mmoja wa ngazi ukiachwa wazi kwenye orofa inayoungua, dakika chache tu zinatosha ngazi nzima kuwa bomba la moshi.

Na ngazi inayofungwa karibu kila mara ni ya nyuma, ile inayoshukia upande wa kampasi. Hutiwa kufuli kwa sababu ya wezi wa kompyuta, jambo tunaloelewa, lakini dawa yake si kufuli. Mlango huo uwekewe komeo la mwamba, linalofunguka kwa kusukumwa kutoka ndani bila ufunguo na lisilofunguka kutoka nje. Likiunganishwa na king'ora kidogo kwenye meza ya askari wa lango kuu, mwizi atasikika akitoka. Mlango ufungukie upande ambao watu wanakimbilia, kwa maana umati ukishaegemea mlango unaofungukia ndani, hakuna awezaye kuuvuta. Milango ya ngazi iliyo kwenye kila orofa nayo ijifunge yenyewe. Mara nyingi huwa imezuiliwa kwa jiwe, kwa pipa la taka, au kwa mtungi wenyewe wa kuzimia moto. Kwenye sehemu bapa za kupumzikia ngazini hujaa viti vibovu, maboksi ya karatasi za mitihani na ndoo za wasafishaji. Vitu hivyo viondolewe vyote. Ngazi haikujengwa iwe stoo.

Kuna jambo la Kisumu hasa. Mvua ya radi hapa hupenda kunyesha alasiri kuelekea jioni, na stima hupotea nayo. Huo ndio wakati wafanyakazi wanashuka na wanafunzi wa masomo ya jioni wanapanda, kwenye ngazi zile zile. Taa za dharura za ngazini hutegemea betri ndogo ambayo ikiwa mpya hukaa saa tatu, lakini baada ya miaka minne hivi mara nyingi huwa imekufa, huku ile taa ndogo ya kuonyesha kwamba inachajiwa ikiendelea kuwaka na kumdanganya msimamizi. Kipimo ni rahisi: kila mwezi kata umeme unaolisha taa za ngazi, panda hadi juu, andika kila taa isiyowaka. Mara moja kwa mwaka ziache ziwake kwa betri kwa saa tatu kamili.

Lifti haihitaji maneno mengi. Isitumike kwenye moto, na kibao kinachosema hivyo kiandikwe kwa Kiswahili pia. Ila madarasa ya mnara yawekwe orofa za chini, ya kwanza hadi ya tatu, na ofisi zipande juu. Mwanafunzi anayetumia kiti cha magurudumu hapaswi kupangiwa darasa orofa ya tisa eti kwa sababu lifti ipo.

Sasa maji. Jengo la orofa 12 lina kimo cha mita 40 hivi. Maji hupoteza bar moja ya msukumo kwa kila mita 10 yanazopanda, kwa hiyo bar nne zinaliwa na kimo peke yake kabla tone halijatoka. Ndiyo sababu majengo ya urefu huu huwekewa bomba kavu, bomba tupu la chuma linalopanda ngazini, lenye mdomo wa kuingizia maji chini barabarani na vali kila orofa. Gari la zimamoto husukuma maji kutoka chini, na wazima moto hupanda na mpira wao na kuuunganisha kwenye vali ya orofa iliyo chini ya ile inayoungua.

Mfumo huu ni mzuri na hauhitaji stima, lakini huharibiwa na mambo madogo. Vali na vifuniko vya shaba huibwa na kuuzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Vali moja ikikosekana orofa ya tatu, maji yote yatamwagika hapo na orofa ya tisa haitapata kitu. Vali nyingine huachwa wazi na mafundi wa rangi. Mdomo wa chini huzibwa na kibanda cha M-Pesa au gari lililoegeshwa, wakati gari la zimamoto linafaa kusimama umbali usiozidi mita 18 kutoka hapo. Kila miezi sita mtu apande akague vali zote moja moja, na kila mwaka bomba lijazwe maji kwa msukumo wa bar 12 kwa dakika 15 ili ionekane panapovuja. Kipimo hicho kifanywe Jumapili, kwa sababu panapovuja pataloa.

Hata bomba likiwa zima, gari lenye lita 5,000 likiwa na mipira miwili inayotoa lita 450 kila mmoja kwa dakika huishiwa baada ya dakika tano na nusu. Hapa kampasi ni baraka kubwa kwa mnara. Vyuo vingi vina matangi makubwa, na vingine vina visima vyao. Tangi la kampasi likiwekewa mdomo wa milimita 65 wenye kiunganishi kile kile cha mipira ya zimamoto ya kaunti, gari litajazwa hatua chache kutoka jengo linaloungua. Fundi asikisie kiunganishi. Aende kituo cha zimamoto na kukilinganisha, kwa sababu mdomo wa skrubu hauingiani na ule wa kubana, na hilo hugunduliwa usiku wa moto.

Gari lenyewe lazima lipite. Tao la geti la chuo, lenye jina na nembo, mara nyingi huwa chini mno. Liwe na kimo cha mita nne na upana usiopungua mita 3.7. Gari lililojaa maji linaweza kupita tani 15, na udongo wetu mweusi wakati wa masika utalimeza hadi kwenye ekseli. Njia ya kufikia tangi iwekwe mawe na murram iliyoshindiliwa, isipitie kwenye nyasi.

Kisha watu 1,200 waende wapi? Ubao wa kijani wa mahali pa kukusanyikia mara nyingi hupigiliwa kwenye maegesho mbele ya mnara, chini kabisa ya vioo. Joto hupasua vioo, na vipande hupeperuka mbali na ukuta vinapoanguka. Kwa jengo la mita 40, mtu asisimame karibu kuliko mita 20, na 40 ni bora. Kwenye barabara za katikati ya mji umbali huo tayari ni wa boda boda, tuktuk na wachuuzi. Uwanja wa kampasi ndio uliobaki, na watu waufikie kwa geti kwenye ukuta unaotenganisha mnara na kampasi. Kila mtu akipewa nusu mita ya mraba, watu hao wanahitaji mita 600 za mraba. Uwanja wa mpira wa vikapu ni 420 tu, kwa hiyo hautoshi peke yake. Sehemu ya pembeni yake nayo itengwe, na isijengwe kibanda.

Nani asahau Nairobi, Agosti 7, 1998? Milio ya kwanza iliwavuta watu madirishani, halafu bomu likalipuka kwenye ubalozi wa Marekani, na vioo vikawapofusha wengi katika majengo ya jirani. Jengo la Ufundi, ambalo lilikuwa na chuo cha uhazili, liliporomoka. Mlipuko ukisikika upande wa pili wa ukuta, iwe mnarani au chuoni, watu wafundishwe kuondoka dirishani kwanza.

Kanuni za Kupunguza Hatari ya Moto za mwaka 2007 zinataka zoezi la kutoka na ukaguzi wa usalama wa moto angalau mara moja kila miezi 12. Mnara na kampasi vifanye zoezi hilo siku moja, na litangazwe mapema kwa maandishi, kwa vipaza sauti na kwa ujumbe wa simu. Hofu ina nguvu. Aprili 2015, siku chache baada ya shambulizi la Chuo Kikuu cha Garissa, mlipuko wa umeme alfajiri katika Kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi uliwafanya wanafunzi waruke kutoka orofani wakidhani wamevamiwa. Mmoja alikufa na zaidi ya mia moja wakaumia. Novemba mwaka huo huo, zoezi la usalama katika Chuo Kikuu cha Strathmore liliwatia watu hofu wakaruka, na mfanyakazi mmoja akapoteza maisha. King'ora cha moto kiwe na mlio wake, tofauti na kengele ya vipindi, na wote waujue.

Kaunti ina njia ya kulisukuma jambo hili. Kugeuza ofisi kuwa darasa ni kubadilisha matumizi ya jengo, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inataka kibali. Afisa asikitoe kabla ya kuhesabu ngazi upya kwa idadi ya viti, na kabla ya kuona barua iliyotiwa saini na pande zote mbili kuhusu geti la ukutani. Geti hilo liwe na upana wa mita mbili au zaidi, na funguo zake ziwe kwa askari wa mnara na kwa askari wa kampasi, zamu zote, usiku na wikendi.

Wakaguzi wa usalama wa moto,
Kisumu