Gunia Lisibanduke

Mikindani, Mtwara

Shoga yangu,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, ila joto. Msimu wa korosho umeanza, basi mji mzima ni bei ya mnada tu.

Uliniuliza nabandikaje gunia kwenye picha zangu hata lisibanduke. Nakuandikia, maana kwenye simu huwa tunaishia kucheka.

Kanvasi ya dukani siinunui, ghali. Nawamba kitambaa cha marekani kwenye fremu, nanyunyizia maji kijikaze, napaka jeso, ile nyeupe ya kutangulia rangi, mikono miwili na kupiga msasa katikati. Hayo unayajua.

Kazi iko kwenye gunia. Liwe la juti, la plastiki halishiki gundi. Nalifua, nalianika. Gundi ni ile nyeupe ya maseremala, naizimua kwa maji kidogo, napaka kwenye kanvasi na mgongoni mwa gunia, nalilaza, halafu nasukuma kwa kiganja kutoka katikati kwenda pembeni hadi hewa itoke. Chini ya kanvasi natia vitabu isibonyee. Mwisho gundi tena juu yake, na kuacha hadi kesho. Mvua ikinyesha, keshokutwa. Nakujua ulivyo na haraka! Ukiwahi kupaka rangi, unyevu unabaki chini na gunia linavimba.

Karatasi ninazobandika ni stakabadhi za baba za chama cha msingi, tangu korosho zilipoingia stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kuziweka ghalani ziuzwe kwa mnada, mwaka 2007. Natumia kopi, zenyewe zimo kabatini mwake. Kopi za mashine ya dukani hazichuji, lakini za prinita ya wino zikiguswa na gundi tu maandishi yanatawanyika. Magazeti nimeacha, yanageuka manjano upesi. Ukibandika mchanga wa pwani, uoshe sana kwa maji baridi, chumvi ikibaki inavuta unyevu.

Sasa hivi nafanya mikono ya mama mdogo akibangua korosho. Unavikumbuka vidole vyake, mafuta ya ganda yalivyoviunguza licha ya majivu yote anayojipaka? Nilipitisha akriliki, ile rangi inayozimuliwa kwa maji, ya kahawia, nyepesi, na kabla haijakauka nikaifuta kwa kitambaa kibichi. Rangi ikabaki kwenye matundu, nyuzi zikatokeza juu. Mishipa yote ya mkono ikawa ni nyuzi za gunia, sikuchora hata mmoja. Kucha ndizo nitamalizia kwa rangi ya mafuta. Mafuta juu ya akriliki hayana neno. Akriliki juu ya mafuta itabanduka.

Sitaongeza kitu. Wenzetu wanabandika kanga, makombe ya pwani na shanga picha moja, mimi inanichosha kuitazama. Mama mdogo mwenyewe alipoiona alisema, "Gunia zima hilo umelikata?"

Ukija Desemba niletee nyeupe ya mafuta, tyubu kubwa. Hapa sijaipata. Na uje na ile picha yako iliyovimba, tuibandue tuone chini kuna nini.

Wako,
Somoe