Mama, si saa saba

New Jersey, Januari

Mama mpenzi, shikamoo.

Habari kwamba tiketi imeshakatwa nimezipata, na furaha yangu sina pa kuiweka. Ila kuna jambo moja, na anayekusomea barua hii asome hapa polepole.

Kaka amekwambia safari ni saa saba. Ameona ndege inaondoka Nairobi saa tano u nusu usiku na kutua New York saa kumi na mbili u nusu asubuhi, akatoa. Kutoa anajua, lakini saa ya kuondoka ni ya kwenu na ya kufika ni ya huku. Utakapotua, Mombasa itakuwa saa nane u nusu mchana, watu washakula na sahani zishaoshwa. Kwa hivyo ni saa 15, Mama, umekaa kitako. Na hapo sijatia treni ya kutoka Mombasa wala kungoja uwanjani.

Ni kilomita 11,800 hivi. Kwa basi ni kama kwenda Nairobi na kurudi mara 12. Shukuru umekatiwa ya moja kwa moja, ile ya Kenya Airways iliyoanza Oktoba 2018. Zamani ilikuwa lazima uteremke njiani, mara nyingi Ulaya au Ghuba, utafute mlango wa ndege ya pili huku viatu vinabana.

Ukiwaona kwenye kioo cha mbele ya kiti wanaelekea kaskazini, juu ya Sahara, usidhani wamepotea. Vuta uzi juu ya chungwa utaona: njia fupi haifanani na ile ya kwenye ramani ya ukutani.

Nilipokuja mimi, pia ilikuwa Januari, usiku ulikataa kuisha. Tulikuwa tunakimbia upande linakotua jua, na alfajiri iko nyuma inatufukuza. Nililala, nikaamka, nikala, nikalala tena, nje giza lile lile. Najua utauliza sala: Isha iwahi Nairobi, na Alfajiri usiihesabu kwa saa ya Mombasa, angalia weupe dirishani karibu na kutua. Lakini kiti chako kiwe cha upande wa njia, uinuke kila mara unyooshe miguu. Yangu ilivimba kama mihogo. Na kiti cha magurudumu kiombwe mapema, usione haya.

Kurudi ni nafuu kwa saa moja hivi, maana upepo wa juu huvuma kutoka magharibi, unaisukuma ndege. Hayo ya kurudi lakini tuyaache, hata mjukuu hujampakata.

Maembe usibebe, forodha watayachukua. Achari haina neno, ifunge tu vizuri.

Na saa yako ya mkononi usiigeuze njiani. Ukifika tutampigia kaka, umtajie inasema saa ngapi, atoe upya.

Mwanao akupendaye