Mwanangu, masikio hayana spea

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Tiketi umeshakata, bendi ya Swans ya Marekani inakuja hapo Berlin, utawahi mapema upate nafasi mbele kabisa, na vizibo vya masikio huvitaki kwa sababu "vinaua muziki". Hayo mengine nimeyapokea kwa furaha. Hilo la vizibo limenigomea, ndiyo maana unapata barua nzima badala ya jibu la mstari mmoja.

Kwanza nikupe haki yako. Umechagua vizuri. Bendi ilianza New York mwaka 1982, ikavunjika 1997, ikarudi 2010, na Michael Gira, mzaliwa wa 1954, bado anaiongoza. Kwa ukongwe, huku kwetu ningewataja bendi ya dansi ya Msondo, nao wametangulia mbali, tangu ilipokuwa NUTA Jazz mwaka 1964. Rika lako wengi wimbo ukipita dakika tatu wanauruka. Wewe umekaa na To Be Kind ya 2014, albamu ya saa mbili, ukanieleza kile kipande cha dakika 34 chenye jina la Toussaint L'Ouverture wa Haiti mpaka nami nikakitafuta. Sikio lako ni zuri. Ndiyo maana nalipigania.

Lakini naona umejiandaa kama mtu anayekwenda kusikiliza rekodi. Onyesho lao si nyimbo kumi na tano na makofi katikati. Ni vipande vichache, kimoja kinaweza kupita nusu saa, na jumla inafika saa mbili hadi mbili na nusu. Kwenye dansi solo yuko hapa, rithim pale, besi anapita katikati, na hata sebene likichanganya kila chombo kina upenyo wake. Swans wanagonga kodi moja, yaani noti kadhaa zinazolia kwa mpigo, wote kwa pamoja, wanairudia, wanairudia tena, Gira anawaongoza kwa mikono, na kila mzunguko unapanda kidogo kuliko uliopita. Gitaa la kulaza la Kristof Hahn, ambaye ni Mjerumani, linajaza katikati. Ikifika kiasi fulani unaanza kusikia vitu ambavyo hakuna aliyevipiga, kama kwaya, kama tarumbeta za mbali. Ni milio ya nyuzi inayogongana na kuzaa mingine. Hicho ndicho watu wanachokifuata, na kwa sauti ndogo hakipatikani. Nakubali kabisa. Sikwambii usiende.

Nakwambia uvae.

Ubaya wa sauti inayopanda polepole ni kwamba sikio halikupi taarifa. Ubongo unazoea, na kufika dakika ya ishirini unaiona ya kawaida. Usingoje maumivu, maana sikio huuma karibu na desibeli 120 (desibeli ndiyo kipimo cha ukubwa wa sauti), wakati madhara yameanza 85. Hesabu yenyewe ni fupi: desibeli 85 unavumilia saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Kwa 100 una robo saa. Kwa 110 una dakika moja na nusu, hata utangulizi haujaisha.

Utaniambia Ujerumani kuna utaratibu. Upo. Kiwango chao cha DIN 15905-5 kinataka wastani usizidi desibeli 99 kwa kila nusu saa, tena pale penye sauti kubwa kuliko pote wanaporuhusiwa watazamaji, na ikitarajiwa kuzidi 95 wenye ukumbi wanatakiwa wawe na vizibo vya kuwapa watu. Watu wakisikia hivyo wanajiona wako salama. Piga hesabu: 99 bila kinga ni dakika 19. Wewe unakwenda kukaa saa mbili na nusu. Kizibo kinachopunguza 15, kikiwa kimekaa sawasawa, kinakushusha hadi 84, na hapo unamaliza usiku mzima. Tofauti yote ni kakitu kadogo kuliko punje ya karanga.

Sasa kuhusu "kuua muziki". Si uongo, ila umevaa aina isiyo yake. Vile vya sponji vya dukani vinakata sauti za juu kuliko za chini, kwa hiyo matoazi na maneno vinapotea, besi inabaki kama mtu anapiga godoro. Tafuta vya muziki, vya silikoni vyenye kichujio, vinavyopunguza karibu sawa juu hadi chini. Kwa Swans chukua kichujio cha kupunguza desibeli 20, usichukue cha 10. Vya kuchongewa kwa umbo la sikio lako ni bora zaidi. Maduka ya vifaa vya kusikia hapo Ujerumani wanachukua umbo kwa siku moja, lakini kutengeneza kunachukua siku kadhaa, usiende wiki ya onyesho. Namba ya kwenye pakiti usiiamini yote. Ilipimwa maabara, na mtu aliyevalishwa vizuri. Ukivaa hovyo unapata nusu yake, pengine chini ya hapo.

Vya sponji chukua jozi moja ya akiba mfukoni, na ujue kuvivaa, maana wengi wanavipachika tu mlangoni mwa sikio. Osha mikono. Kisokote katikati ya vidole mpaka kiwe chembamba kama njiti, kisiwe na kunyanzi. Mkono wa upande wa pili uupitishe juu ya kichwa, ushike ncha ya sikio uivute juu na nyuma; tundu la sikio limepinda, bila kulivuta kizibo kinagota. Kiingize upesi kabla hakijavimba, kishikilie kwa kidole ukihesabu hadi thelathini. Kisha guna kidogo: sauti yako ikisikika nzito ndani ya kichwa, pande zote mbili sawa, kimekaa. Upande mmoja ukiwa mwepesi, kitoe uanze upya. Akikutazama mtu kwa mbele asikione kinachungulia. Fanya mazoezi nyumbani, na siku yenyewe vivae nje, kabla hujaingia, si baada ya kelele kuanza. Na usivitoe ili uongee na rafiki. Dakika moja na nusu, umesahau?

Mbele kabisa, mwanangu, mimi nisingesimama. Kwa bendi hii sehemu kubwa ya sauti inatoka kwenye amplifaya za gitaa zilizopangwa nyuma yao zikikutazama wewe. Spika kubwa za ukumbi zinakupita juu ya kichwa, sauti ya Gira haikufikii vizuri, na spika za besi ziko miguuni pako. Utalipa masikio upate nusu ya muziki. Sauti iliyochanganywa sawasawa iko pale fundi mitambo aliposimama na mikisa yake, ile mashine ya kuchanganyia sauti, katikati ya ukumbi, kwa sababu anachanganya kwa masikio yake na pale ndipo yalipo. Simama mbele yake hatua mbili, usimzibe. Kona na ukutani epuka, besi inajikusanya. Ukitaka kuwaona kwa karibu, sogea kwa kipande kimoja kisha rudi.

Simu ya kupimia desibeli isikudanganye. Maikrofoni yake imetengenezwa kwa maongezi. Sauti ikizidi inagota na kukupa namba ndogo kuliko ukweli.

Ukitoka, kaa kimya. Treni bila spika za masikioni, usiku wote na kesho yake pia. Masikio yakivuma kidogo kisha yakaacha, shukuru, lakini usiseme hapakuwa na kitu. Kila sikio lina vinyweleo vya kusikilia elfu kumi na tano hivi, vikifa havioti tena, na kabla havijafa mishipa inayobeba habari inaweza kuwa imeshaachia. Mtu aliyefikia hapo ukimpima kwenye chumba kimya anasikia vizuri tu. Mpeleke harusini, watu kumi wanaongea, anatabasamu na kuitikia asichokielewa. Mlio ukiendelea kupita siku moja, au sikio moja likaziba, nenda kwa daktari wa masikio siku hiyohiyo. Kuna dawa wanazotoa, na zinafaa zikiwahi. Ukingoja wiki mbili unapewa pole.

Najua utasema mbona ulikulia kando ya spika na hukupata kitu. Ile haikuwa nafasi ya mtoto, na mimi niliyekuketisha pale nilizijua desibeli kama ninavyokuandikia leo. Nilikukasirikia ulipoacha gitaa, nikasema maneno. Haya ya leo usiyachanganye na yale.

Pampu ya kisima imekufa tena, ni kepesita, nimebadilisha. Mdogo wako anaanza mitihani ya kidato cha nne Novemba, mpigie umtie moyo, kwako anasikia. Mama yako amekukaushia dagaa kilo mbili, anatafuta msafiri. Anauliza pia kama lile koti zito ulilonunua linafunga mpaka shingoni. Mabati ya upande wa jikoni yameanza kuvuja, tutayashughulikia kabla ya vuli, usitume pesa. Hiyo pesa kanunue vizibo, tena upige picha unitumie, kimoja kikiwa sikioni.

Na onyesho likiisha nataka habari zake zote: walipiga vipande vingapi, Gira alianza na kipi, ule mlio wa kwaya ulikuja dakika ya ngapi. Piga Jumapili asubuhi. Jioni mama yako anawasha pangaboi, na likiwaka sikusikii.

Baba yako