Kompyuta bado haijagundua kitu

Ndugu Mhariri,

Nimesoma katika safu yenu ya sayansi kwamba kompyuta "imegundua" maada mpya itakayotoa haidrojeni kutoka majini kwa mwanga wa jua. Kwa kuwa kazi yangu ya kila siku ni kukokotoa maada za namna hiyo, naomba nafasi nieleze kwa nini neno hilo limetangulia mno.

Tangu mwaka 1972, Fujishima na Honda wa Japani walipoonyesha kwamba dioksidi ya titani ikimulikwa huweza kuyatenganisha maji, watafiti wamekuwa wakihangaika na pengo la nishati, yaani kiasi ambacho elektroni inahitaji ili iachie kifungo chake ndani ya maada. Kuyatenganisha maji kunadai angalau elektrovolti 1.23 (elektrovolti ni kipimo cha nishati ya elektroni); dioksidi ya titani ina pengo la takriban 3, kwa hiyo hunufaika na miali ya urujuanimno tu, yenye nishati kubwa, na sehemu kubwa ya mwanga wa jua hupotea bure. Maada yenye pengo dogo kidogo tunaisaka kwa nadharia ya msongamano wa elektroni, yaani njia ya kukokotoa tabia za maada kwa kompyuta, iliyompatia Walter Kohn Tuzo ya Nobel mwaka 1998.

Nadharia hiyo ni hodari, lakini njia zake nyepesi hupunja pengo. Kwa silikoni, maabara hupima elektrovolti 1.1, kompyuta yangu hutoa takriban 0.6, na hesabu humalizika salama bila onyo lolote. Njia sahihi zaidi zipo, ila hula muda mwingi wa kompyuta, ndiyo maana mtu anayechuja maelfu ya maada haanzi nazo. Anayetafuta maada za transista mpya hukumbana na dosari iyo hiyo.

Hata pengo likiwa sawasawa, maji yenyewe yana neno. Salfaidi ya kadmiamu ina pengo la 2.4 na hufyonza mwanga unaoonekana, ila ukiichovya majini na kuimulika huanza kuliwa, kwa sababu kinachooksidishwa, yaani kinachonyang'anywa elektroni, ni salfaidi badala ya maji. Mimi mwenyewe niliwahi kulifurahia jedwali langu la mapengo niliyoyakokotoa wiki nzima, hadi mwenzangu wa maabara aliponiuliza kama hesabu zangu zilikuwa na maji. Hazikuwa nayo.

Basi, mtakapoandika tena, tafadhali tuambieni pengo lilikokotolewa kwa njia ipi, na kama yupo aliyekwisha kuitengeneza maada hiyo na kuichovya majini.

Wenu,
Mtafiti na msomaji wa siku nyingi